Tangi la Samaki la Ofisini Hujengwa kwa Ajili ya Jumapili

Ofisi yetu iko Dodoma, ghorofa ya kwanza, vyumba vitatu na korido. Kazi yetu ni kupima viwanja. Kwa asiyeujua mji huu, kiwanja kinaweza kumkalisha mtu kwenye benchi asubuhi nzima. Anakuja na nyaraka zake kwenye bahasha ya kaki, anasubiri ramani ichapwe, anasubiri mpimaji arudi kutoka saiti, na mara nyingine anamsubiri jirani anayegombania naye mpaka, kisha wanakaa benchi moja bila kusalimiana. Nimewaona watu wazima wakiukodolea macho ukuta mtupu kwa saa tatu.

Mwaka jana bosi akatuuliza tuweke nini pale. Wenzangu walitaka televisheni. Mimi nikaomba samaki, na nikaahidi kulitengeneza tangi mwenyewe, maana bei tuliyopewa na duka moja la Dar es Salaam ilikuwa milioni moja na laki mbili, usafiri juu yetu. Bosi akanipa laki tatu na nusu. "Ikizidi hapo," akasema, "utajazia mwenyewe."

Kwa nini samaki? Nimezaliwa Kigoma, nikakulia Katonga, karibu na ziwa kiasi kwamba harufu ya dagaa wanaoanikwa ndiyo iliyokuwa ikituamsha. Ukisimama kwenye mawe ya Tanganyika siku isiyo na upepo, unaona mpaka chini. Wakubwa walikuwa wakiwatazama migebuka na kuhe, samaki wa kuliwa. Sisi watoto tulikuwa tukiviangalia vile visamaki vidogo vya kwenye mawe na mchanga, ambavyo hakuna mtu aliyevitia sufuriani. Kila kimoja kina pango lake, na mwenzake akisogea anafukuzwa. Nilikuja kujua ukubwani kwamba ziwa lile lina aina zaidi ya mia mbili za samaki wa jamii ya perege, na karibu wote hawapatikani popote pengine duniani. Watu wa Ulaya na Japani wanawafuga sebuleni. Kwetu, mtu anayesubiri hati ya kiwanja Dodoma hajawahi kuwaona.

Kabla sijanunua kitu nilikaa nikapiga hesabu moja ambayo naona wengi wanairuka. Tangi la nyumbani lina mtu wake. Hata umeme ukikatika usiku wa manane, kuna mtu amelala chumba cha pili. La ofisini linaachwa Ijumaa saa 11 jioni na kufunguliwa Jumatatu saa 2 asubuhi. Hizo ni saa 63. Kila nilichochagua baada ya hapo, ukubwa, aina ya samaki, pampu, hata mahali pa kuweka waya, nilikipima kwa hizo saa 63. Sehemu moja nilisahau kupima, na nitaieleza.

Nilianza na samaki kabla ya tangi, na nakushauri ufanye hivyo. Watu hununua kioo kwanza, kisha wanatafuta cha kukijaza. Mimi nilijiuliza: maji yetu ni ya namna gani? Angalia birika lolote la Dodoma lililotumika mwaka mmoja. Ndani kuna ukoko mweupe kama chokaa. Maji haya yanatoka kwenye visima vya Mzakwe na yamebeba madini mengi. Samaki wengi wa mapambo wanaotoka mito ya Amerika ya Kusini wanapenda maji laini, yenye asidi kidogo, kwa hiyo hapa ungepigana na maji kila wiki. Lakini maji ya Ziwa Tanganyika nayo ni mazito ya madini, na pH yake, yaani kipimo cha asidi ambacho hupanda kadiri asidi inavyopungua, iko karibu na 9. Maji ya bomba la ofisi yetu nilipoyapima yalikuwa 8.2. Nikafurahi sana siku hiyo. Samaki wa kwetu wangekuja Dodoma wakute maji yanayofanana na ya nyumbani bila mimi kuongeza hata kijiko cha kitu.

Nikamchagua mmoja kati yao, jina lake la kitaalamu ni Neolamprologus multifasciatus. Dume halizidi sana sentimita nne, jike sentimita tatu. Ana mistari midogo ya kahawia ubavuni na jicho lenye buluu. Maisha yake yote anaishi ndani ya gamba tupu la konokono. Konokono wa ziwani akifa, gamba lake halimong'onyoki haraka kwa sababu maji yenyewe yamejaa chokaa, hivyo magamba yanarundikana chini miaka na miaka mpaka yanakuwa kama kijiji. Samaki huyu anahamia humo. Anachimba mchanga kwa mdomo, analizamisha gamba lake hadi ubaki mlango tu, kisha anajenga kituta cha mchanga kati yake na jirani. Ofisini tunawaita wapangaji. Wapimaji wenzangu walipoona vile vituta walielewa mara moja.

Kwa kuwa ni mdogo na anaishi chini, hahitaji tangi kubwa. Anahitaji eneo la chini lililo pana. Na hilo linakubaliana na jambo jingine: hewa huingia majini kupitia juu, pale maji yanapogusana na hewa. Tangi refu jembamba linapendeza kwenye picha, ila lina uso mdogo wa kupumulia. Nikachora tangi la urefu wa sentimita 80, upana 40, kimo 35. Likijazwa hadi sentimita 30 linabeba karibu lita 96.

Fundi vioo niliyempata anakata vioo vya madirisha ya aluminiamu. Nilimpelekea karatasi: kioo cha milimita 6, kitako kimoja 80 kwa 40, vipande viwili vya mbele na nyuma 80 kwa 35, na viwili vya ubavuni 40 kwa 35. Akaichukua, akaisoma, akaiweka mezani.

"Kaka, hivi vya ubavuni vinakaa ndani ya vile virefu, au vinatokea nje?"

"Vinakaa ndani."

"Basi umesahau unene wa kioo."

Alikuwa sahihi. Kioo cha mbele kinakula milimita 6, cha nyuma kinakula 6 nyingine, na gundi nayo inataka nafasi yake. Akavikata milimita 386 badala ya 400. Kama angenitii, vingetokeza nje na tangi lisingeshikana. Alisugua kingo zote kwa jiwe lililolowa maji mpaka ukipitisha kidole hakikatiki. Nilimlipa elfu 58 kwa vipande vyote, pamoja na vipande viwili vyembamba vya kuvuka juu ili kioo cha mbele kisipinde kwa uzito wa maji.

Kuhusu silikoni nitakaa kidogo, maana ndiyo inayoshika kila kitu. Dukani kuna za aina nyingi na zote zinafanana. Zile za bafuni zina dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo huua samaki. Tafuta iliyoandikwa silikoni asilimia 100, isiyo na dawa ya ukungu, na ambayo ikikauka inatoa harufu kali ya siki. Harufu hiyo ni asidi inayotoka wakati inakauka, na ikishaisha, imeisha. Nilinunua mirija miwili kwa elfu 16. Kioo nilikifuta kwa spiriti mara mbili na sikukigusa tena kwa vidole, kwa sababu mafuta ya ngozi yanaiachisha gundi. Tepu ya karatasi kando ya kila kiungo, gundi mstari mmoja bila kukata mkono, kusimamisha kioo, kubana kwa tepu, kisha kidole kilicholowa maji ya sabuni kupita pembeni kwa mpigo mmoja. Ukirudia mara ya pili unaiharibu.

Niliacha siku saba. Siku ya nane nikalijaza maji nje barazani, nikaweka magazeti makavu chini yake. Magazeti ndiyo yatakayokuambia. Asubuhi yake kona ya nyuma kushoto palikuwa na doa la ukubwa wa sarafu. Nilitamani nipake gundi juu ya gundi nimalize, lakini silikoni mpya haishiki vizuri kwenye silikoni iliyokauka. Nikamwaga maji, nikakwangua kiungo chote kwa wembe hadi kioo kikawa kitupu, nikaanza upya, na siku saba nyingine zikapita. Mara ya pili magazeti yalibaki makavu siku mbili mfululizo.

Meza. Hapa watu wengi wa ofisi hukosea kwa sababu wanayo meza tayari. Lita moja ya maji ni kilo moja. Yangu yalikuwa karibu kilo 96, kioo kilo 17 na ushei, mchanga kilo 15. Jumla karibu kilo 130, mtu mzima mnene amekaa pale mchana na usiku bila kuinuka. Meza ya mbao zilizosagwa itapinda katikati, na kioo hakipindi, kinapasuka. Fundi wa kuchomelea alitengeneza stendi ya chuma cha mraba kwa elfu 45, nami nikaisawazisha kwa pimamaji pande zote nne, nikatandika kipande cha foam nyembamba chini ya kitako ili chembe ya mchanga isije ikawa nyundo.

Mchanga niliuchota korongoni bure, mwembamba kadiri nilivyoweza kuupata, nikauchekecha kwa chandarua na kuuosha ndoo baada ya ndoo. Ndoo ya kumi na nne ndipo maji yalipotoka safi. Magamba ya konokono aliniokotea mama, kwenye mchanga wa ziwa, akayachemsha na kunitumia kwenye kopo la maziwa la kilo moja kupitia mtu aliyekuwa anakuja Dodoma. Yalikuwa 31. Nilipolifungua lile kopo ofisini, ziwa lilinijia lote puani.

Mashine yote ya tangi langu ni pampu ndogo ya hewa ya wati 4 na sponji. Pampu inasukuma hewa kwenye mrija, hewa inapanda ndani ya bomba la PVC lililochomekwa katikati ya sponji, na mapovu yakipanda yanavuta maji kupita kwenye sponji. Haina panga wala injini ndani ya maji, kwa hiyo hakuna cha kuungua. Pampu elfu 25, mirija na vali elfu 6, sponji elfu 5. Vali ni kitu kidogo kama kifungo cha shati na usiiache. Umeme ukikatika, na pampu ikiwa imewekwa chini ya usawa wa maji, maji yanarudi nyuma kupitia mrija kama mpira wa kunyonyea mafuta, yanaua pampu na kuja kulala kwenye zulia la ofisi wikiendi nzima. Vali inazuia hilo. Mimi niliweka vali, na bado nikaipandisha pampu kwenye rafu iliyo juu ya tangi. Waya wa umeme niliulegeza uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji likifuata waya lianguke sakafuni, lisiingie kwenye plagi. Taa ya LED ya wati 10 ilinigharimu elfu 12. Pampu na taa kwa pamoja havifiki uniti sita za umeme kwa mwezi.

Tangi likawa tayari, maji meupe kama hewa, mapovu yanapanda. Kila mtu akauliza samaki wako wapi. Jibu langu lilikuwa: baada ya wiki tano.

Hapa ndipo penye siri ya kazi nzima, na hapagharimu fedha. Samaki anapopumua na kujisaidia anatoa amonia, na amonia ni sumu. Kuna bakteria wanaoila na kuigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kuna bakteria wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia kwa kiasi kikubwa. Bakteria hao wanaota kwenye sponji, kwenye mchanga, kwenye kioo, lakini wanaota polepole. Tangi jipya halina hata mmoja wa maana. Ndiyo sababu mtu ananunua tangi Jumamosi, anatia samaki Jumapili, na Alhamisi anazika. Anamlaumu muuzaji wa samaki, kumbe samaki walikuwa wazima.

Na kwenye maji kama yetu hatari ni kubwa zaidi. Amonia ina sura mbili majini, moja kali na moja ya upole, na pH ndiyo inayoamua ipi itawale. Kwenye maji ya pH 7, yenye joto la nyuzi 25, ile kali haifiki asilimia moja. Kwenye pH 8.5 inafika asilimia 15. Kiasi kilekile cha uchafu kinakuwa na ukali zaidi ya mara 20. Kwa sababu hiyo nilinunua vifaa vya kupimia vya matone, elfu 75, kitu cha bei kubwa kuliko vyote kwenye orodha yangu. Ningeweza kubana popote pengine, pale sikubana.

Kila asubuhi nilitia chembe za chakula cha samaki kwenye tangi tupu, zioze, zitoe amonia. Dada wa mapokezi akawa ananiuliza kwa upole namlisha nani. Rafiki yangu wa Dar es Salaam, anayezalisha samaki hawa nyumbani kwake, alinikatia pia kipande cha sponji yake ya zamani, akanitumia kikiwa kimelowa. Ni kama kupewa chachu ya kuanzia. Wiki ya kwanza amonia ikapanda. Wiki ya tatu nitriti ikapanda hadi rangi ya kipimo ikawa ya zambarau iliyokolea. Siku ya 34 vyote viwili vilisoma sifuri, na nitrati ikaonekana. Nikampigia simu rafiki yangu nikamwambia, njia ni nyeupe.

Samaki nilikwenda kuwachukua mwenyewe. Wanane, elfu tano kila mmoja, kwenye mifuko miwili, theluthi moja maji na theluthi mbili hewa, ndani ya boksi jeupe la foam. Nilipanda basi la alfajiri na sikukubali boksi liwekwe kwenye buti, kule joto linapika. Nililipakata hadi Dodoma. Jirani yangu wa kiti, mama mmoja mwenye kikapu cha embe, aliniuliza kama nimebeba dawa za hospitali. Nikamfunulia. Akaangalia kimya, kisha akasema, "Mwanangu, hawa nao wanasafiri?" Tangu hapo hadi Morogoro alinisaidia kulishika kila basi lilipopita tuta.

Tulipofika niliiacha mifuko ielee juu ya maji nusu saa joto lilingane, nikawa naongeza kikombe cha maji ya tangi kidogo kidogo, halafu nikawatoa kwa wavu. Walikaa kona moja kama dakika kumi. Kisha mmoja akaenda kwenye gamba, akalizunguka, akachungulia, akaingia kinyumenyume. Kabla ya saa ya kufunga ofisi, wote wanane walikuwa na nyumba.

Wiki mbili zilikuwa nzuri mno. Wateja walihama kutoka kwenye kiti cha karibu na mlango kwenda kile cha karibu na tangi. Wafanyakazi walipita kusalimia samaki kabla ya kusalimiana. Na kila aliyepita alidondosha chembe ya chakula.

Wikiendi ya tatu ndiyo niliyosema sikuipima. Ijumaa ile mchana, watu watano wa ofisi yetu walilisha samaki, kila mmoja mara moja, kila mmoja akidhani ni yeye tu. Mmoja alitumia kipande cha andazi. Hakuna aliyefanya kwa ubaya. Walikuwa wanawaaga kwa ajili ya wikiendi. Saa 11 mtu wa mwisho kutoka akazima mainswichi ya ofisi nzima, kama utaratibu wetu unavyotaka kwa kuogopa moto. Mimi nilikuwa saiti Chamwino.

Jumatatu niliingia wa kwanza. Kitu cha kwanza kilikuwa ukimya. Pampu ile ina mngurumo mdogo kama wa nzi aliye mbali, na haukuwepo. Maji yalikuwa na ukungu mweupe na harufu. Kipande cha andazi kilikuwa kimevimba kwenye kona, kina manyoya. Chakula kilikuwa kimeoza na kula hewa ya majini, sponji bila mapovu ilikuwa imekaa saa 63 bila maji kupita, na bakteria wake wakaanza kufa. Amonia ilisoma miligramu 2 kwa lita. Samaki watano walikuwa wamekufa, wanne kati yao ndani ya magamba yao. Ilinibidi niligeuze kila gamba na kulitikisa taratibu ili kuwatoa. Wale watatu waliobaki walikuwa juu kabisa, midomo kwenye uso wa maji, wakipumua kwa nguvu.

Nilibadilisha nusu ya maji asubuhi ile, kwa maji yaliyokuwa yamekaa kwenye ndoo wazi tangu wiki iliyopita hivyo dawa ya klorini ilikuwa imeshatoka, na nusu nyingine jioni. Siku ile sikufanya kazi nyingine. Bosi alikuja akasimama nyuma yangu, akaniuliza wamebaki wangapi, nikamwambia. Akatoka. Baada ya saa moja alirudi na fundi umeme.

Sasa kuna soketi moja yenye laini yake kwenye mainswichi, na swichi yake imezungushiwa tepu nyekundu. Nyingine zote zinazimwa Ijumaa, ile haizimwi. Niliongeza pampu ya pili ya kuchaji, elfu 30, ambayo umeme ukikatika inawaka yenyewe na kufanya kazi kwa saa kadhaa. Chakula kiko kwenye droo yangu, nimekigawa kwenye vikaratasi vitano, Jumatatu hadi Ijumaa, na kikaratasi cha siku kikiwa kitupu, samaki wameshakula. Jumamosi na Jumapili hawali. Samaki mzima wa aina hii anakaa siku mbili bila chakula na hadhuriki kabisa. Anayedhurika ni yule aliyelishwa na watu watano.

Juni ilileta jambo jingine. Watu wa pwani wanadhani Dodoma ni joto tu, lakini usiku wa Juni na Julai hapa unavaa sweta. Kipimajoto cha tangi kilisoma nyuzi 20 asubuhi, na ziwani maji ya juu hayashuki hivyo, yanacheza kati ya 24 na 27 hivi. Nikanunua hita ya wati 100 kwa elfu 35. Hita ndiyo mla umeme halisi. Ikiwaka nusu ya siku tu inakula zaidi ya uniti moja, mara sita au saba ya pampu na taa. Kwa hiyo nilikata lile boksi la foam nililobebea samaki, nikabandika vipande nyuma na ubavuni mwa tangi, na kioo cha kufunika juu nikakiacha na mwanya wa kidole kwa ajili ya hewa. Hita ikawa inawaka mara chache zaidi, na maji yaliacha kukauka kwa upepo wa hapa, ambao awali ulikuwa unakula sentimita nzima kwa siku chache.

Ukijumlisha yote, samaki wakiwemo, ni elfu 347. Nilirudisha elfu tatu.

Matunzo ni madogo. Kila Jumatano natoa ndoo mbili za lita kumi na kurudisha nyingine mbili. Maji yanayotoka yana nitrati, ambayo ni mbolea, hivyo yanakwenda kwenye maua ya korido, na maua yale sasa yamefika dirishani. Sponji naisuuza mara moja kwa mwezi kwenye ndoo ya maji yaliyotoka tangini, kamwe si bombani, maana klorini ingewaua wale bakteria niliowasubiri siku 34.

Wale watatu walionusurika walikuwa dume mmoja na majike wawili. Sikuongeza wengine. Mwezi wa nane, jike mmoja aliacha kutoka kwenye gamba lake, akawa anasimama mlangoni akipepea kwa mapezi, na dume akisogea anafukuzwa. Mayai hutagwa ndani kabisa ya gamba, mtu hayaoni. Unachoweza kufanya ni kungoja. Tulingoja ofisi nzima.

Mlinzi wetu wa usiku ni mzee wa makamo ya baba yangu. Baada ya ile Ijumaa nilimwomba, kila akipita korido usiku, asikilize mngurumo na amulike tochi aone mapovu. Nilidhani atafanya wiki moja. "Mwanangu," aliniambia, "mimi nalinda kompyuta zisizopumua. Nitashindwaje kulinda hawa?" Amekuwa akinitumia ujumbe kila Jumapili usiku. Ujumbe wake ni neno moja, "Mapovu", nami najibu, "Ahsante sana, mzee."

Jumapili moja, tukiwa bado tunangoja, ujumbe ulichelewa hadi saa 5. Nilikuwa nimeshavaa viatu. Kisha simu ikalia: "Mapovu yapo. Nimechelewa kwa sababu nahesabu. Mlangoni kwa mama kuna watoto kumi na moja, wadogo kama punje ya mchele."

Jumatatu asubuhi shikamoo yangu aliiitikia akiwa tayari mbele ya kioo, zamu yake imeisha na begi lake begani. Nilipiga magoti pembeni yake, tukahesabu pamoja. Walikuwa kumi na wanne.